Jumamosi ya Mwanafunzi na Nauli ya Kwenda Rejaf

Katika mitaa ya Juba iliyo jirani na chuo kikuu, na hususan katika Hai Malakal, ambako vyumba vya kupanga vimejaa vijana waliotoka Torit, Yei, Bor, Wau na Malakal yenyewe, wengine kwa kutafuta elimu na wengine kwa kuwa vita viliwatoa makwao na elimu wakaikuta huku, Jumamosi ni siku isiyo na kazi wala tafrija. Asubuhi mwanafunzi hufua nguo zake na kuzianika juu ya uzio wa mabati. Jua likipanda hujilaza chumbani, akageuka upande huu na upande ule kwa joto. Na jioni huenda kwa mama wa chai, akaketi juu ya kiti cha plastiki chini ya mwarobaini mpaka giza liingie. Ukimwuliza kwa nini hatoki walau mara moja kwa mwezi kwenda kuitazama nchi yake, atakujibu kwamba hana fedha, na sisi watu wazima tumezoea kuitikia jibu hilo kwa huruma kana kwamba ni kauli isiyohitaji ushahidi. Nia yangu ni kuikanusha, si kwa sababu mwanafunzi wa Juba ni tajiri, la hasha, bali kwa sababu nauli ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kikwazo chake. Vinavyomfungia mjini ni ukingo wa mto uliokwisha kugawanywa kwa wenye mikahawa, na kibali ambacho hakuna amjuaye mwenye kukitoa.

Mto wenyewe uko karibu. Mtu akitoka Hai Malakal kwa miguu, bila haraka, akielekea mashariki, hufika katika muda usiotimia saa moja kwenye Bahr el Jebel, kama uitwavyo Mto Nile katika nchi hii kabla haujapotea katika mabwawa ya Sudd. Walakini kufika mtoni ni jambo moja na kuketi mtoni ni jambo jingine. Baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2005, mji ulipojaa wageni wa mashirika na wafanyabiashara wenye dola, ukingo wa magharibi ulikatwa vipande vipande, pakajengwa hoteli za makontena na za mahema, mikahawa na kumbi za vinywaji, kila moja na lango lake na bawabu wake. Na ingawa wengi wa wageni hao walikwisha kuondoka, malango yamebaki, na bei zimebaki zikihesabiwa kwa mizani ya dola. Soda moja inayonywewa mbele ya maji aghalabu humgharimu kijana zaidi ya nauli iliyomfikisha hapo. Hapo ndipo anaporudi chumbani akiamini kwamba kutembea ni anasa ya matajiri, ilhali alichouziwa kwa bei ya kitajiri ni kivuli cha mwembe na mandhari ya mto ambao haukuchimbwa na mtu.

Wasomaji wa pwani watalistaajabia jambo hili, na wana haki. Kule Unguja, bustani ya Forodhani, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, haimwulizi mtu ana kiasi gani mfukoni: anayetaka kununua pweza na urojo hununua, na asiye na kitu huketi ukutani akatazama watoto wanavyojitupa baharini. Mombasa, ufuo wa Mama Ngina ulitengenezwa upya mwaka 2019, na jioni ya Jumapili utawakuta wanafunzi, mabaharia na bibi wenye wajukuu wamekaa pamoja, kila mtu na mhogo wake wa pilipili. Dar es Salaam, ufuo wa Coco umegombaniwa miaka mingi baina ya wanaotaka kuujenga na wanaotaka ubaki wazi, na umma haukukubali kuuachia. Miji hii haina utajiri wa ajabu. Inayo tu mazoea ya kale ya kuamini kwamba ukingo wa maji ni baraza ya mji mzima, na kwamba baraza haitozwi kiingilio. Juba, ambao kama mji wa serikali haujatimiza hata miaka mia, bado haujajiwekea mazoea hayo, na usipojiwekea sasa, wakati ungali upo ufuo wa kuwekewa, hautapata tena fursa.

Lakini nimesema kwamba nauli ni jambo dogo, na msemaji wa maneno kama hayo anadaiwa hesabu. Jioni moja nilikaa na vijana wa chuo kwa mama wa chai wa mtaani kwetu, mwenye jiko la makaa na birika lililotiwa tangawizi, ambaye glasi zake ndogo huwa na sukari iliyotuama mpaka karibu na nusu. Tulichukua karatasi ya somo la uchumi, tukaigeuza, tukaandika nyuma yake: basi dogo la abiria kumi na wanne, kwenda na kurudi, maji, ful na mkate, vitunguu, nyanya na ufuta, embe. Kijana mmoja aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na ambaye Kiswahili chake ni cha moja kwa moja kisicho na mapambo, aliitazama jumla akatikisa kichwa.

"Mzee, ya kwenda tunaweza kuchanga. Ya kurudi tutaitoa wapi?"

Kabla sijafungua kinywa, mama wa chai, aliyekuwa akipepea makaa na ambaye sikujua kama anatusikiliza, akamjibu kwa Kiarabu cha Juba maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Wanangu, kila jioni mnaninywea vikombe vitatu vitatu. Mkinipunguzia kimoja kwa wiki mbili, mmerudi." Vijana wakacheka, mmoja akapiga hesabu ya vikombe pembeni mwa karatasi, na ikawa kweli. Gari likigawanywa kwa watu kumi na wanne, na chakula kikitoka sokoni Konyo Konyo badala ya kuagizwa mezani, safari ya kutwa moja humpunguzia mwanafunzi chai na muda wa maongezi wa simu, wala haimnyang'anyi mlo. Sisemi kwamba kila mmoja aweza. Wako wanaokula mara moja kwa siku, na kwa hao ni uadilifu wenzao wawabebe katika mchango bila kuwatangaza.

Sasa waende wapi? Nianze na Rejaf, kwa sababu ndipo pahali ambapo fedha kidogo hununua maarifa mengi. Rejaf iko kusini mwa Juba, umbali wa kilomita kumi na kidogo, na alama yake ni kilima chenye umbo la pia iliyogeuzwa, kinachosimama peke yake karibu na mto, hata msafiri wa merikebu za zamani alikiona mapema akajua kwamba njia ya maji inakaribia mwisho wake, kwa kuwa mbele ya hapo maporomoko huzuia vyombo. Hapa ndipo, tarehe 17 Februari 1897, jeshi la Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likiongozwa na Chaltin, lilipowashinda wafuasi wa Mahdi wa Sudan, na kwa ushindi huo nchi ya Lado, ukingo wote wa magharibi pamoja na ardhi ambayo Juba umesimama leo, ikawa chini ya mfalme huyo mpaka alipofariki mwaka 1909, ikarudishwa Sudan mwaka uliofuata. Mwanafunzi wa historia anayesoma habari hizo katika chumba chenye feni mbovu huzikariri kwa ajili ya mtihani. Akisimama chini ya kilima huelewa mara moja kwa nini wakuu watatu wa dunia, wa Brussels, wa London na wa Omdurman, waligombania mahali penye watu wachache na mawe mengi: aliyeishika Rejaf alishika kituo cha mwisho cha meli.

Kuna jambo la pili la Rejaf, na hili naliona tamu zaidi kwa sisi tunaokitumia Kiswahili. Mwezi Aprili 1928 wakuu wa serikali ya Kiingereza na wamisionari, wakishauriwa na mwanachuoni wa Kijerumani Westermann, walikutana hapo kuamua ni lugha zipi za kusini zifundishwe mashuleni na ziandikwe kwa herufi gani. Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishilluk na Kizande zikawa miongoni mwa zilizochaguliwa. Miezi miwili baadaye, Juni ya mwaka ule ule, mkutano mwingine ulifanyika Mombasa, akiwapo Meinhof, Mjerumani mwingine, ukaamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mikutano miwili, mwaka mmoja, himaya moja: mmoja ukazigawa lugha za watu wa kusini katika mafungu, mwingine ukakusanya lahaja za pwani chini ya moja. Nani aliyenufaika na nani aliyedhurika ni mjadala ambao ningetamani kuusikia ukisemwa na wanafunzi kumi na wanne waliokaa kivulini Rejaf, wenye lugha za mama kumi na moja baina yao, wakibishana kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja. Ningependa hata zaidi wabishane wakijua kwamba nchi yao ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, ambayo lugha yake mojawapo rasmi sasa ni hii ninayoiandikia.

Ng'ambo ya mto kuna misheni ya Wakatoliki ya Rejaf Mashariki, na anayetaka kuiona atafute njia ya daraja. Juu ya kilima asipande mtu bila kuzungumza kwanza na wazee wa mahali, wala bila kuwataarifu askari, kwa kuwa eneo lile lina pia chuo cha mafunzo ya polisi, na kijana anayeonekana jabalini akichungulia huku na huku hujitia katika maswali yasiyokuwa na lazima. Na mtoni asiogelee mtu. Mkondo wa Nile hapa ni wa nguvu kuliko uonekanavyo, na mamba wapo.

Gondokoro ni safari fupi zaidi, tena ni ya mashua, na kwa kijana wa bara asiyewahi kukanyaga chombo hiyo pekee yatosha kuwa sababu. Leo ni kisiwa cha wakulima na wafugaji, ambacho mboga zake huliwa mjini. Mwanafunzi anaweza kuvuka pamoja na akina mama wanaorudi na vikapu vitupu, akalipa walipavyo wao, akatembea mashambani kutwa nzima. Jina hilo lilikuwa mashuhuri duniani kabla Juba haujawa na jina. Hapo, mwezi Februari 1863, Speke na Grant, waliotoka Unguja mwaka 1860 wakazunguka ziwa kubwa upande wa magharibi, walikutana na Samuel Baker aliyekuwa akipanda mto kutoka Misri. Na vitabu vya Wazungu vimekirudia kisa hicho kwa namna ya kumfanya msomaji adhani kwamba walikuwako Waingereza watatu tu na mkewe Baker. Hawakuwa peke yao. Pamoja nao alikuwako Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akaishi Bara Hindi, akarejea Unguja mtu huru, pamoja na wachache waliobaki katika msafara ulioajiriwa pwani, watu waliopokezana mizigo, lugha na homa kwa muda wa zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika mbele ya maji haya miaka mia moja na hamsini kabla ya nchi hii kuingia katika Jumuiya, kikisemwa na wachukuzi waliochoka, na nina yakini kwamba mazungumzo yao ya jioni ile yalikuwa ya thamani sawa na ya mabwana zao, ila hapakuwa na mtu wa kuyaandika. Baker alirudi mwaka 1871 kwa jina la Khedivu wa Misri, akapaita Ismailia; Gordon, mrithi wake, akaja mwaka 1874, akaona maradhi yamezidi, akahamishia kituo Lado. Ustaarabu ukaondoka, wakulima wakabaki.

Jebel Kujur, ule mlima wa magharibi unaoonekana kutoka karibu kila paa la mji, nitaupitia kwa maneno machache, maana wengi wanaujua. Ni wa karibu, nauli yake ni ya chini kuliko zote, na mtu hupata upepo. Lakini chini yake wapo wanawake na watoto wanaovunja mawe kwa nyundo, kutwa, ili wauze kokoto kwa wajenzi, na si adabu kupita mbele yao kwa kelele za sherehe na redio. Awasalimu mtu, na akiwa na maji awape.

Nimule sitamshauri mwanafunzi aifanye kuwa safari ya kwenda na kurudi kwa siku moja, ingawa najua ndiyo itajwayo kwanza. Hifadhi yake ya mwaka 1954 ni ndogo na nzuri, yenye ndovu na maporomoko ya Fola, na barabara ya lami iliyokamilika mwaka 2012 ina kilomita 192 tu. Walakini kilomita 384 kwa kutwa moja, katika njia ambayo magari yameshambuliwa mara nyingi mno katika miaka iliyopita, si tafrija, ni kamari. Na kwingine kuna jambo la kuhuzunisha. Mwezi Juni 2024 serikali na shirika la African Parks walitangaza matokeo ya hesabu iliyofanywa kwa ndege, kwamba paa na swala wanaohama baina ya hifadhi za Boma na Badingilo na nyanda za jirani wanakaribia milioni 6, uhamaji mkubwa kuliko wowote wa wanyama wa nchi kavu unaojulikana duniani. Mwanafunzi wa Hai Malakal alizisoma habari hizo katika simu, kama alivyozisoma mwanafunzi wa Tokyo, na kwa umbali ule ule. Maana ili kuwaona wanyama hao hukodiwa ndege, na ndege haigawanyiki kwa vikombe vya chai.

Nirudi kwenye kikwazo cha pili, ambacho ni kibali. Katika mji huu picha ni mashaka. Daraja, wizara, uwanja wa ndege, gari la askari, hata barabara iliyo tupu, vyote vyaweza kumfanya kijana anyang'anywe simu yake, na simu ya mwanafunzi ndiyo maktaba yake, benki yake na mama yake. Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa Mei 2022, lina mita 560, na ukisimama juu yake jioni utaona jua likizama nyuma ya Jebel Kujur. Ni mandhari ambayo kila nchi nyingine ingeichapa katika kalenda, na hapa hutazamwa kwa jicho la pembeni, mikono ikiwa mfukoni. Siwalaumu askari, nchi iliyopigana yenyewe kwa yenyewe mwaka 2013 na tena 2016 imejifunza hofu kwa gharama kubwa. Ila hofu isiyoandikwa sheria yake humwachia kila mlinzi wa kizuizi aamue mwenyewe, na huko ndiko kunakozaliwa ile "bei ya soda" ambayo huombwa kwa tabasamu, na ambayo katika safari ya vizuizi vinne hushinda nauli.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Itasemwa kwamba wahadhiri wamekaa miezi bila mishahara, kwamba sarafu imeporomoka, na kwamba kuzungumzia matembezi katika hali hiyo ni dhihaka. Hoja hiyo ina uzito, lakini ikichukuliwa mpaka mwisho wake itatufanya tusubiri neema ndipo tuwaruhusu vijana waione nchi yao, na Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa mwaka 1975, kikahamishwa Khartoum mwaka 1989 kwa ajili ya vita na kikakaa ugenini zaidi ya miaka kumi na tano, kinajua kuliko taasisi yoyote kwamba anayesubiri hali njema hasubiri mwaka mmoja. Itasemwa pia kwamba wazazi hawatawaruhusu mabinti. Hili ni la kweli zaidi, na dawa yake inajulikana: mwalimu wa kike awe katika gari, mzazi apewe namba yake ya simu, na gari liwe limerejea mjini saa kumi alasiri, si jioni. Na kwa ajili ya joto, ambalo Machi 2024 na tena Februari 2025 liliilazimisha serikali kufunga shule, mara hii ya pili baada ya watoto kuzirai, katika miezi hiyo safari ianze saa kumi na mbili asubuhi na saa tano kila mtu awe kivulini.

Kwa Baraza la Jiji nina ombi moja, na si la fedha nyingi: litenge kipande kimoja cha ukingo wa magharibi, hata kama ni cha hatua mia mbili, kisicho na lango, chenye miembe iliyopo, mabenchi ya saruji, choo na taa, likiandike kwa jina la umma katika daftari la ardhi ili mtu asije akakinunua usiku. Kwa chuo nina ombi dogo zaidi. Ofisi ya wanafunzi itoe barua ya safari, ya namna moja kwa kila kundi, itakayotambuliwa na polisi wa mji na wa barabarani kwa mapatano yaliyofanywa mapema, mara moja, badala ya kila kundi kuanza upya kubembeleza. Barua hiyo itaje namba ya gari, idadi ya abiria, jina la mwalimu, mahali waendako na saa ya kurejea, na ieleze waziwazi kwamba wanaruhusiwa kupiga picha za kilima na za mto na za wao wenyewe. Iandikwe kwa Kiingereza upande mmoja na kwa Kiarabu upande wa pili, kwa kuwa askari wengi wa vizuizini husoma cha pili kwa wepesi kuliko cha kwanza. Na igongwe muhuri siku ya Alhamisi, maana Ijumaa baada ya adhuhuri mwenye muhuri hapatikani tena mpaka Jumatatu.